Kabla Hujazifuta Mashine Arobaini

Mwanangu Mwamvua,

Salamu sikupi, maana shikamoo yako ya asubuhi bado imo masikioni mwangu. Umekwenda Isevya kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua hawatakuachia mpaka umekula kwa kila mmoja. Kwa hiyo nina alasiri nzima ya kukaa peke yangu hapa karakanani, na nimeitenga kwa ajili ya barua hii.

Naipiga kwa taipu ya zamani, si kwa kompyuta. Kompyuta ingenipa nafasi ya kufuta, na mimi nikipewa nafasi hiyo najijua. Ukiona nimepiga x juu ya neno, ujue lilikuwa neno la woga.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala kufunga dirisha la behewa treni ikisimama stesheni, wala kuchagua marafiki. Hayo shangazi zako wanakuambia sasa hivi, tena kwa kupokezana. Nataka ujue kwa nini Jumapili niliacha ugali mkekani nikatoka nje.

Ulikuwa unanieleza kazi yako mpya. Ulikuwa na furaha mpaka mchuzi wako ukapoa. Ulisema, "Mashine arobaini, Baba! Nyingine zina Windows ya zamani, nyingine zina Windows mpya, halafu kuna mtu alizitia Linux mbili tatu akaacha kazi. Bosi anataka nilinganishe, nichague mfumo mmoja, zote ziende sawa." Nikakuuliza utaanzia wapi. Ukasema huku unamega tonge, "Nafuta zote, naanza upya. Ndiyo rahisi."

Nikanawa mikono nikaondoka. Ukadhani nimechukia kwa sababu unaniacha. Kuondoka kwako kunaniuma, sikatai, tena kunaniuma kuliko nilivyojiandaa. Juzi nimejikuta nahesabu vikombe kabatini nikijiuliza vya nini vyote. Lakini si hilo lililoniinua mkekani. Ni hilo neno "nafuta zote", na urahisi ulioutia ndani yake, kwa sababu mimi nililitamka hivyohivyo siku moja, katika chumba hikihiki, na wewe ndiye uliyelipa.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Nilikuwa kijana wa ofisi ya mkoa, fundi wa mashine za taipu, miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Tulikuwa na taipu nyingi na vipuri hakuna. Chemchemi ikikatika, huagizi, maana hakuna pa kuagiza. Unachukua mashine iliyo mbovu zaidi, unaichinja, unatoa kiungo unampa mwenzake. Ndivyo tulivyoita, kuchinja. Nilikuwa mchinjaji hodari, nikajaa sifa. Taipu haina siri, Mwamvua. Ukishachomoa karatasi, maneno yote yameondoka na karatasi, na mashine imebaki chuma tu. Hata barua ya mapenzi ipigwe juu yake mchana kutwa, jioni haikumbuki kitu. Kwa hiyo fundi wa taipu hana sababu ya kuuliza mashine hii ina nini ndani. Ina parafujo. Basi.

Nikatumwa Usinge, taipu ya kijiji kipya ilikuwa imekwama. Waliokuwa wamehamishwa walikuwa bado wanaezeka nyumba zao, zimenyooka mstari kama zimepigwa rula. Mimi nikiangalia ile mistari nilisikia raha ya kweli. Sisi vijana tuliamini, usidhani tulikuwa tunaigiza. Niliona shule, niliona zahanati inajengwa, nikasema haya ndiyo maendeleo.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ofisi. Huyo ndiye mama yako. Nilipomaliza kutengeneza taipu nikamwambia kwa kujigamba kwamba kijiji chake ni kizuri kuliko vyote nilivyopita. Nyamizi akaniangalia kuanzia viatu mpaka beji ya chama kifuani.

"Una miguu ya kutembea wewe, au ni ya kupandia lori tu?" akasema.

Akanitembeza saa nzima mpaka kwenye mahame, pale walipokuwa wakikaa kabla ya kuhamishwa. Nyumba zilikuwa zimeshabomolewa. Kulikuwa na mafiga matatu yamebaki, na mashimo ya nguzo, na majivu. Akaniambia, "Jiko la bibi yangu hili. Kule tumepewa nyumba, nami nashukuru, watoto wanasoma. Lakini mlipokuja kutuhamisha mliuliza tupo wangapi tu. Hakuna aliyeuliza tunaacha nini."

Nikamjibu kwamba nchi haijengwi kwa kutazama nyuma. Mwanangu, nilimwambia hivyo mwanamke aliyesimama kwenye majivu ya jiko la bibi yake! Alicheka, akaniita kasuku, akanigombeza njia nzima ya kurudi. Nilipofika Tabora nikaona mji hauna sauti. Mwaka haukuisha nikarudi kuposa.

Alinigombeza miaka yote ya ndoa yetu, na nilistahili. Tulikaa muda mrefu bila mtoto, watu wakaanza kunishauri nioe mwingine, na hilo nalo alinigombezea ingawa sikuwa nimelifikiria. Kisha ukaja wewe, siku mvua imeziba barabara zote, ndiyo maana ya jina lako.

Kompyuta ya kwanza katika nyumba hii unaikumbuka, ile ya rangi ya uji. Nilipewa na mradi wa nyuki walipofunga ofisi yao, kwa sababu niliwatunzia taipu zao vizuri. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, hata kipanya haina. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Mwaka huohuo mikono ya mama yako ikaanza kutetemeka.

Hospitali walisema ni mishipa, na baadaye wakasema mengine. Mwandiko wake uliokuwa unasifiwa Usinge nzima ukawa haushikiki, kalamu inakimbia. Lakini alikuta kwamba anaweza kubonyeza. Kidole kimoja, herufi moja, anapumzika, nyingine. Kila siku baada ya kuswali alasiri alikuwa anakuja hapa, anakaa mbele ya kile kioo, ananiambia nigeuke nisisome. Alifanya hivyo karibu miezi minne.

Siku moja akaniambia, "Nimemwandikia Mwamvua. Akiolewa au akiondoka nyumbani, litakalotangulia, umpe. Ichape sasa, Ramadhani, nataka niishike."

Printa ilikuwa na riboni iliyokauka. Nikasema nitaleta riboni nikienda Dar. Nikaenda, nikaleta riboni za taipu za wateja, hiyo nikaisahau. Akanikumbusha. Nikaenda tena, duka lilikuwa limefungwa, sikungoja mpaka kesho yake. Mwamvua, kulikuwa na siku ya kungoja, nami sikungoja. Mama yako alifariki bila kuishika ile barua.

Ukawa na miaka sita na unauliza chakula, nami nikarudi kazini. Siku zile ofisi zote zilianza kutaka Windows. Kioo cheusi hakuna aliyekitaka tena. Hiyo Windows nikaipata Dar, kwa fundi mmoja wa kompyuta, nikamwomba anieleze namna ya kuipiga kwenye mashine yangu. Akaniuliza, "Mzee, humo ndani kuna kitu cha maana?"

Nikamjibu, "Mashine ni yangu, naijua kila parafujo."

Hayo ndiyo maneno yangu. Na usidhani nilikuwa nimeisahau barua. Niliikumbuka! Nilikuwa nimejiahidi kwamba Windows ikishaingia nitanunua printa mpya na kitu cha kwanza kuchapa kitakuwa hicho. Lakini kichwani mwangu kubadilisha mfumo kulikuwa ni kama kubadilisha roli ya taipu. Unatoa ya zamani, unaingiza mpya, mwili ni uleule. Mashine ikaniandikia kwamba kila kilichomo kitapotea, je, niendelee? Mimi niliyezoea kuwa mashine ndizo zinazonitii nikabonyeza ndiyo. Ikafanya kazi yake kwa utulivu kabisa. Nilikuwa nakunywa chai.

Windows ilipowaka na rangi zake nilifurahi. Nikatafuta barua. Nikatafuta siku ile na kesho yake na wiki nzima. Wateja wakija nawaambia mashine inapimwa.

Miaka mitano baadaye ulirudi shule, umevua viatu pale mlangoni, ukaniuliza, "Baba, Mama hakuniachia hata mstari mmoja? Rafiki yangu ana barua ya mama yake marehemu." Nami nikakujibu, "Mama yako hakuwahi." Ukachukua ndoo ukaenda bombani. Hukuuliza tena. Nilingoja uulize tena, nikijiambia safari hii nitasema, na wewe ukawa mtoto mwenye adabu usiyeuliza swali mara mbili.

Mama yako aliwahi. Mimi ndiye sikuwahi. Hilo ndilo nililotaka ulijue kabla hujaondoka.

Nimepumzika kidogo, nikamwagilia ile miche yako ya pilipili. Naendelea.

Umenitaka nikupe maoni yangu juu ya mifumo, maana nimeishi nayo yote. Nakupa kama fundi, si kama mtu anayelia. Windows kila mteja anayeingia hapa anaijua, anakaa anabonyeza bila kuuliza, na printa ukinunua yoyote inaielewa. Lakini ina makuu. Inataka leseni, kila baada ya muda inataka mashine kubwa kuliko uliyonayo, na flashi za wanafunzi zinaijaza virusi kama mbwa wa mnadani na viroboto. Linux uliyoniwekea kwenye ile ya dirishani haijaugua mwaka mzima, haijanidai kitu, na mashine kuukuu inatembea kama kijana. Ila printa iligoma siku tatu mpaka nikakupigia simu chuoni, na barua za wateja zilizoandikwa kwenye Windows zikifika kwake mistari inahama na jedwali linapinda. Bi Tausi, ambaye amenipigia chapa miaka yote hii, alikaa mbele yake asubuhi moja, akarudi kwenye kiti chake cha zamani. Akasema, "Mzee Ramadhani, mashine ya mwanao ina adabu sana, lakini hainijui."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Ana haki. Amejifunza njia moja kwa vidole vyake, njia ile ndiyo inayompa ugali, halafu anakuja mtu amesoma anamwambia kesho njia hiyo haipo. Nimewaona watu Usinge wana uso uleule.

Kwa hiyo sikuchagulii. Wewe umesoma, utalinganisha kasi na usalama na gharama, utachora jedwali lako bosi apendezwe. Inawezekana kabisa mfumo mmoja kwa wote ndio ulio sawa. Hata kijiji kile, nikikumbuka watoto waliosoma pale, siwezi kusema kilikuwa kosa tupu. Lakini kila moja ya hizo arobaini ina mtu anayeikalia. Vuta kiti ukae naye. Usimwulize ana mafaili mangapi, mwulize humo ndani kuna nini ambacho kikipotea atalia. Wengine watakuambia hakuna kitu, na wewe ungoje kidogo, maana mtu hasemi jambo lake kwa mgeni mara ya kwanza. Kisha nakili. Halafu ifungue ile nakala mwenyewe uione kwa macho inafunguka, maana nakala ambayo hujaifungua ni ahadi tu, na ahadi za mafundi tunazijua, mimi nikiwa wa kwanza.

Ukinitazama kwa hasira baada ya kusoma haya, nitazame. Ndiyo maana sikungoja kukupa barua hii stesheni. Babu yangu aliyekuwa mpagazi alikuwa akisimulia kwamba msafara haukwenda mbali siku ya kwanza. Ukitoka hapa Unyanyembe walipiga kambi karibu tu, mtu bado anaona moshi wa jikoni kwao, ili aliyesahau kitu arudi akakichukue. Treni haina kambi hiyo. Mtu akikumbuka yuko stesheni ya Tura, ndiyo basi tena. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako leo hii, kabla ya magharibi, na nitakuwa hapahapa kwenye benchi. Ukitaka kunijia, nijie. Ukitaka usiongee nami mpaka treni iondoke, nitakubebea mizigo kimya.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote.

Mwaka juzi ulipokuja likizo, alikuja bwana harusi mmoja analia, picha zote za harusi yake zimefutika kwenye kompyuta. Ukakaa nayo, mchana ukampa picha zake, pungufu chache. Nilikuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, umewezaje? Ukasema, "Baba, kompyuta ikifuta haifuti kweli. Inang'oa kibao cha jina tu, nyumba inabaki. Kinachoiua ni mtu kuja kujenga juu yake." Nikakuuliza, na ikiwa ni miaka mingi? Ukasema inategemea, kama mashine iliendelea kutumika na wameandika mengi juu yake, basi haba.

Nilipiga chapa kwa ile mashine ya rangi ya uji miaka sita mizima baada ya kuifuta. Maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mitihani ya shule. Sare zako, viatu vyako, ada yako, vyote vilitoka humo. Kila nilipokuwa nakutafutia maisha, nilikuwa najenga juu ya maneno ya mama yako. Sikujua. Kisha ikachakaa nikaisukumia kona ile, nikawa naiwasha mara mojamoja. Siku ulipomrudishia bwana harusi picha zake nilingoja utoke, nikachomoa waya wake ukutani, na mpaka leo haijaguswa na umeme. Ulinicheka, ukasema, "Baba, unafuga maiti." Ukataka kuitupa nikakupandishia sauti, ukashangaa.

Ningeweza kukuambia siku ileile. Niliogopa. Ukifungua ukute hakuna, nitakuwa nimemzika Nyamizi mara ya pili mbele yako. Ukikuta kitu, utajua nilikudanganya. Nimekaa kati ya hizo hofu mbili miaka miwili, na kila likizo wewe ulikuwa chumba cha pili.

Leo mchana nimeifungua kwa mkono wangu, nikatoa diski yake inayotunza maandishi, nikaifunga kwenye khanga ya mama yako ile yenye ukingo mwekundu. Imo ndani ya begi lako, chini kabisa, katikati ya nguo ili isigongwe. Huenda ni chuma kitupu. Huenda umebaki ukurasa, au mistari miwili isiyo na kichwa wala mkia. Wewe ndiye unayejua namna ya kutafuta, mimi nilijua kufuta tu.

Barua ni yako, haikuwa yangu hata siku moja. Ukipata chochote, kisome peke yako kwanza, ulie unavyotaka. Kisha, kama utakuwa umenisamehe, au hata kama bado, nipigie simu unisomee. Usinichagulie yaliyo mazuri. Kama ameandika juu ya riboni, soma. Kama amenisema kwa jina, soma polepole. Miaka kumi na sita sasa, mwanangu, sijagombezwa na Nyamizi.

Baba yako,
Ramadhani